Kisima cha Mafuta Hakijai Usiku

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana, kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwadanganya wanafunzi 58 wa kidato cha pili. Sikukusudia. Nilikuwa na chaki mkononi, kipindi kimebaki dakika saba, na mtoto mmoja wa kike aliyekaa dirishani akauliza swali ambalo sikulitegemea.

Shule yenyewe ni ya kata, huko kwetu Amani, wilaya ya Muheza. Mnaoijua Amani mnaijua: ukungu mpaka saa nne asubuhi, mashamba ya chai, iliki na karafuu kwenye vishamba vya watu, msitu wa hifadhi kila unapogeuka. Nilikuwa nafundisha Jografia, mada ya nishati. Nimechora ubaoni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, na pembeni nimeandika kama kitabu kilivyosema, kwamba mafuta ni rasilimali isiyojirudia. Mtoto akanyoosha mkono. Akasema kaka yake ana kivideo kwenye simu, kinasema huko Marekani visima vya zamani vilivyokuwa vinaelekea kukauka vimeanza kutoa mafuta mengi kuliko mwaka uliopita. "Sasa Madam, kama kisima kilishazeeka halafu kinatoa zaidi, si ina maana kinajaa tena?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka nao, hilo kosa la kwanza. La pili ni jibu. Nilitupa macho nje nikaona chai, nikasema: "Ni kama mchai. Ukizeeka unapogolewa, unachipua upya, unatoa majani mengi kuliko mwanzo." Kengele ikalia. Watoto wakaandika. Wengine, nilivyokuja kuona nilipokusanya madaftari, walipigia mstari.

Ningeweza kuliacha likapita, maana nani kati yetu hajajibu ovyo kwenye TP? Tatizo ni kwamba jibu lile lilitembea. Kati ya wale 58 alikuwamo binti wa baba yangu mdogo. Baba mdogo ana ekari mbili za iliki, karafuu na mdalasini, na tangu habari za bomba zianze ana ndoto ya kuuza ekari moja anunue kiwanja karibu na Chongoleani, ajenge vyumba vya kupangisha. Watu walikuwa wanamrudisha nyuma. Wanamwambia mafuta yataisha, vyumba vitabaki vya popo. Sasa binti yake akaja na daftari. Siku ya Idi, sahani ya pilau ikiwa katikati, nikamsikia baba mdogo anamwambia jirani, kwa fahari kabisa: "Mwalimu wetu wa chuo kikuu kasema visima vinachipua."

Pilau ilinikaba. Nikarudi chuoni, na badala ya kupiga msuli wa mitihani nikaanza kusoma habari za visima. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa wanachuo wenzangu wa ualimu hasa, kwa sababu nadhani hili sio kosa langu peke yangu.

Yule mtoto hakusema uongo. Visima vikongwe kweli huongezeka, na mfano unaozungumzwa sana ni wa North Dakota, kwenye mwamba unaoitwa Bakken. Kosa lilikuwa kwenye hatua iliyofuata, "kinajaa tena". Na hapo sisi tulimwangusha kabla hata hajafungua mdomo, kwa neno tu. Sisi tunaita kisima. Mtoto wa Muheza akisikia kisima ana kitu chake kichwani: shimo, ndoo, kamba. Jioni foleni ikiwa ndefu maji yanageuka tope, mnaacha, mnarudi alfajiri, maji yapo. Hiyo ndiyo tabia ya kisima tangu azaliwe. Sasa unamwambia kuna kisima cha mafuta, unamwambia kwamba hicho hakijai, halafu anasikia kimeongezeka. Kwa akili yake, na ni akili nzuri, jawabu ni moja tu. Kitabu hakikumsaidia maana kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza nacho kinatumia neno moja kwa kisima cha maji na cha mafuta.

Chini ya kisima cha mafuta hakuna bwawa, kuna jiwe. Mafuta yamekaa ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, kama maji yanavyokaa ndani ya sponji, ila sponji hii ni ngumu kama sakafu. Kwenye maeneo ya kawaida, Uganda ikiwemo, jiwe ni la mchanga, vitundu vimeungana na mafuta yanaweza kutembea. Bakken ni habari nyingine. Huko mafuta yametoka kwenye mwamba wa matope laini yaliyogandamizwa kwa mamilioni ya miaka, na yamenaswa humo na kwenye tabaka gumu lililobanwa katikati. Wenyewe huuita shale. Mimi nitauita mwambatope, maana kwetu ukisema sheli mtu anajua unatafuta petroli.

Mwambatope ukiuchimba hivihivi hautoi kitu cha maana. Kwa hiyo wanachimba kwenda chini kama kilomita 3, wanapinda, wanaendelea kwa mlalo kilomita nyingine 3 hivi. Halafu wanasukuma maji na mchanga kwa presha kubwa mpaka jiwe lipasuke. Sehemu ya maji inarudi, mchanga unabaki ndani kuzishikilia nyufa zisijifunge. Mafuta yanatokea kwenye nyufa hizo.

Na yanatoka kwa mtindo ambao sisi hapa chuoni tunaujua vizuri kuliko wahandisi. Yanatoka kama bumu. Wiki ya kwanza chipsi kuku, vocha ya mwezi mzima, mtu anapanda bodaboda kutoka hosteli mpaka darasani. Wiki ya tatu unahesabu. Wiki ya sita unaishi kwa maharage ya kukopa kwa mama ntilie. Kisima cha mwambatope, mwaka wa kwanza peke yake, uzalishaji wake unaweza kushuka kwa asilimia 60 mpaka 70. Baadaye kasi ya kushuka inapungua na kisima kinabaki kinadondosha kidogo kidogo miaka na miaka. Mchanga ulioshikilia nyufa unasagika, chumvi inaziba matundu, presha iliyokuwa inasukuma mafuta inaisha.

Sasa rumeti wako anapata bumu wiki ya sita, wewe huna kitu. Hali yako inabadilika ghafla, si ndio? Mtu akikuona siku hiyo unakula nyama atadhani umepata hela. Hela ni ya jirani.

Visima navyo ni hivyo. Mwenye eneo anachimba kisima kipya mita mia chache kutoka kile cha zamani. Wakati jiwe la jirani linapasuliwa, cha zamani mara nyingi hufungwa kwa muda ili kisiharibike. Presha ya jirani inasafiri kwenye jiwe, inaingia kwenye nyufa kuukuu, inazifungua zilizojifunga, pengine inapasua mpya. Cha zamani kikifunguliwa kinatoa zaidi kuliko kilivyokuwa kinatoa kabla hakijafungwa, wakati mwingine mara kadhaa zaidi. Jimbo la North Dakota huchapisha mapipa ya kila kisima kwa kila mwezi, ndiyo maana hata watu wasio wahandisi wanaweza kukaa na takwimu wakaona mstari unashuka miaka kumi, unakatika miezi miwili, halafu unaruka juu.

Bila shaka kivideo cha yule kaka kilitoka kwenye mistari ya namna hiyo. Lakini kuna mambo hakikuyasema. Kisima kilichofungwa kwa wiki kadhaa kina tabia ya kutoa kwa nguvu siku za mwanzo hata kama jirani hakukigusa, kwa sababu presha ilikuwa imejikusanya, kama bomba la hosteli maji yakirudi baada ya mgao. Wiki ya kwanza haikuambii chochote. Jirani naye sio kila mara anakuja na neema. Maji na mchanga wake vikivamia kisima cha zamani vinaweza kukiziba kabisa, na yapo maeneo ambako hasara ya namna hiyo hutokea mara nyingi kuliko faida. Halafu kuna hili ambalo mimi nililisoma mara mbili ili niamini: kisima kipya kinachochimbwa karibu na kikongwe mara nyingi huwa dhaifu kuliko ambavyo kingekuwa kwenye jiwe lisiloguswa, kwa sababu mzee alishainyonya presha ya pale. Kwa hiyo ukiliona ongezeko la mzee, uliza na upungufu wa mtoto. Ukihesabu kisima kimoja utashangilia, ukihesabu shamba zima unaweza ukanyamaza.

Njia nyingine ni kurudi kwenye kisima chenyewe na kukipasua upya. Texas, kwenye mwamba wa Barnett, walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa visima vya gesi: mbinu ya mwanzo ilikuwa ya maji mazito yenye gundi, ikaja ya maji mepesi, wakarudi kwenye visima vya zamani, na baadhi vikatoa sawa na vilipokuwa vipya au kupita.

Mfano wangu wa mchai unafia hapo. Mchai ukipogolewa unakula jua, mvua na mbolea, unatengeneza majani ambayo jana hayakuwepo duniani. Kisima hakitengenezi kitu. Nilitakiwa nitumie nazi. Unakuna nazi, unatia maji, unakamua: tui la kwanza, zito. Unatia maji tena, unakamua tena: tui la pili, jepesi, lakini ni tui na mchuzi unaiva. Mtu mwenye mkono mzuri, au mwenye maji ya vuguvugu, anapata tui zaidi kutoka nazi ileile. Hakuna hata siku moja bibi yangu aliangalia tui la pili akasema nazi imejaa. Alisema tu kwamba mkamuaji wa kwanza alikuwa mvivu.

Na wakamuaji wa kwanza wa mwambatope ni wavivu kweli. Mafuta yanayotolewa humo mara nyingi hayafiki asilimia 10 ya yaliyomo. Asilimia 90 iko kwenye chicha. Ndiyo maana ongezeko linawezekana, na ndiyo maana linashangaza watu: sisi tulidhani kisima kinachodondosha kimekwisha, kumbe kilichokwisha ni presha, au nyufa, au pesa ya mwenye kisima.

Kwa mtu wa Tanga hakuna haja ya kwenda mpaka Marekani. Wengi tuna shangazi au mjomba Muscat. Oman sio nchi ya mwambatope, lakini ina visima vizee, na mwaka 2001 uzalishaji wake ulikuwa zaidi ya mapipa 950,000 kwa siku, ukaporomoka mpaka kama 710,000 mwaka 2007. Watu walishaanza kuiimbia tanzia. Mwaka 2016 ulikuwa umefika karibu mapipa milioni 1. Eneo moja linaitwa Mukhaizna, mafuta yake ni mazito kama lami ya kuchemshwa. Mwaka 2005 lilikuwa linatoa takriban mapipa 10,000 kwa siku, wakaanza kulipiga mvuke wa moto ardhini ili mafuta yalainike, likafika zaidi ya 120,000. Maji ya vuguvugu kwenye nazi, hivyohivyo. Ila mvuke huo unachemshwa kwa gesi, na gesi hiyo ingeuzwa au ingewasha taa za watu. Tui la pili lina bili yake.

Na hapa nyumbani tunayo. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, miaka 30 baadaye. Baadhi ya visima vyake, vikiwemo vinavyoitwa SS-5 na SS-9, mabomba ya ndani yaliliwa na kutu mpaka vikasimamishwa. Mwaka 2015 vikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudishwa kazini. Mnazi Bay, Mtwara, ndio kisa ninachokipenda zaidi: Waitaliano wa Agip waliipata gesi mwaka 1982, wakaona haina soko, wakakiacha kisima. Mwaka 2005 kampuni nyingine ikakifungua kisima kilekile, gesi ikawa bado ipo, na mji wa Mtwara ukapata umeme wake. Kati ya 1982 na 2005 ardhini hapakuongezeka hata chembe. Juu ya ardhi ndiko mambo yalikobadilika.

Rafiki yangu wa Hisabati, nilipomsomea haya, alinipa pole. Akasema: kwanza Tanzania haichimbi mwambatope, pili hilo halimo kwenye silabasi, tatu mtoto wa kidato cha pili akishajua kwamba mafuta ni rasilimali isiyojirudia amepata maksi zake, unamtakia nini tena? Hoja ya maksi naiheshimu, sote tumefika hapa kwa maksi. Lakini nakataa. Mtoto anayejua tu kwamba "mafuta yanaisha" akikutana na kisima kilichoongezeka ana njia mbili: aamini mwalimu alimdanganya, au aamini mafuta hayaishi. Zote mbili ni mbaya, na ya pili inauza mashamba ya iliki.

Maana Tanga sasa sio mtazamaji. Jiwe la msingi la bomba liliwekwa Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko upande wetu, mikoa minane kutoka Kagera mpaka kwetu. TPDC, yaani sisi, ina asilimia 15 ya hisa. Kazi za bandarini, ushuru, vyumba vya baba mdogo, vyote vinategemea mstari wa uzalishaji utakaochorwa Ziwa Albert, kwenye visima ambavyo wengi wetu hatutaviona.

Chukua namba zinazojulikana. Uganda inakadiria mapipa bilioni 6.5 ardhini, na yanayotarajiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4. Yaani asilimia 21 au 22, kilichobaki ni chicha. Bomba lilipangiwa awali mapipa 216,000 kwa siku. Gawanya mwenyewe: bilioni 1.4 kwa kasi hiyo ni karibu miaka 18. Haitakuwa hivyo hasa, maana uzalishaji hupanda, hukaa juu miaka michache, halafu hushuka polepole na kujivuta, ndiyo maana husemwa miaka 25 na zaidi. Lakini miaka ya mwisho ni ya bumu la wiki ya sita. Jiwe la Uganda ni la mchanga, kwa hiyo msichukue mstari wa Bakken mkaubandika pale. Halitaporomoka kwa kasi ile, na tangu mwanzo mpango ni kurudishia maji ardhini ili presha isianguke.

Sasa fanya hesabu ya upande wa pili, nilioufanya usiku mmoja nikakosa raha. Tuseme mbinu zinaboreka na badala ya asilimia 21 wanatoa 30. Hiyo ni karibu mapipa bilioni 2. Kwa kasi ileile, miaka 18 inakuwa karibu 25. Miaka saba zaidi, bila kugundua kisima kipya hata kimoja. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa mjinga, na jibu langu la mchai halikuwa na madhara ya upande mmoja tu. Ongezeko la visima vizee ni jambo la kweli na kubwa. Ila linakuja kama mtu akilipia, na mtu hulipia bei ikiwa nzuri. Bei ya mafuta ikianguka, kama ilivyoanguka mwaka 2014 na tena 2020, hakuna anayechemsha maji ya tui la pili. Sisi Tanga tunaijua hadithi ya bei. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka; mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa karibu tani 20,000. Mkonge unaota upya, wala haukuisha ardhini. Kamba za nailoni zilikuja, bei ikaenda, na ukipita leo barabara ya Muheza kwenda Korogwe utaona magofu.

Ninachokitaka kwa walimu wenzangu ni kidogo. Tuache kuchora ule mlima mmoja laini, unapanda, unafika kileleni, unashuka, kama vile ardhi ina ratiba. Tuchore mstari wenye miruko yake, tumwachie mtoto aulize kila mruko umetoka wapi: jirani, mvuke, bomba jipya, au bei. Na tumwambie wazi kwamba namba ya "yaliyobaki" sio ya ardhi peke yake. Nusu yake ni ya watu walio juu. Dakika kumi zinatosha. Sisi kwenye somo la mbinu za kufundisha tunakesha kuandaa andalio la somo lenye visanduku vyote vimejazwa, na hakuna kisanduku hata kimoja kinachouliza kama mfano utakaoutoa ni wa kweli. Wangu ulikuwa mzuri sana, watoto waliupenda, na ulikuwa uongo.

Likizo nilikwenda na karatasi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwalimu wa visima. Kaa."

Nikamweleza yote, nazi, tui, chicha, bilioni 1.4. Alisikiliza kwa utulivu, kazima na redio. Nilipofika kwenye miaka 18 akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichotaka. "Mimi nina miaka 51," akasema. "Kumi na minane inanitosha. Ikija saba ya juu, bonasi." Nikamwambia baba mdogo, hiyo ni kama bei itakaa vizuri. Akasema hata iliki bei haikai vizuri, mbona tunalima. Nikakosa la kusema. Chuo hakijanifundisha kumjibu mtu aliyeishi na bei ya iliki.

Mama mdogo alikuwa uani anapepeta mchele. Hakuwa amesema neno. "Hao wapangaji wenyewe," akauliza bila kuinua macho, "si ni mafundi wa kulijenga hilo bomba? Wakishamaliza kujenga watakaa kufanya nini?"

Baba mdogo akanitazama. Mimi nikaitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimekokotoa mstari wa visima vya Hoima mpaka mwaka wa mwisho, na mstari wa watu wanaopanga vyumba Chongoleani sikuugusa kabisa. Bomba likishafukiwa na matangi yakishasimama, kazi inabaki ya watu wachache, wengi wao wa mitambo. Vyumba vya baba mdogo vinaweza kubaki vya popo huku mafuta yakipita chini ya ardhi kila siku.

Alikunja karatasi akaitia mfuko wa shati. Kiwanja hajalipia. Karafuu bado zipo, nilizihesabu asubuhi yake. Binti yao alikuwa kasimama mlangoni muda wote na daftari la Jografia, akaniuliza kama afute ule mstari wa mchai. Nikamwambia asifute, aukate kwa kalamu ili uonekane ulikuwepo.

Mwalimu mwenye somo amenikubalia kipindi kimoja, dakika 40, chuo kikifungwa mwezi wa saba. Wale watoto watakuwa kidato cha tatu. Nazi nitanunua Muheza mjini nikipita, maana huko juu kwa baridi ile minazi hakuna. Mbuzi ya kukunia nitaazima kwa bibi.